Mnara wa Simu Karibu na Boma: Mtoto, Mama na Mzee

Katika mikutano ya vikundi swali hili hurudi mara kwa mara: "Huu mnara wa simu hautatuletea magonjwa?" Wengine wanasema unaleta kansa, wengine ati unaharibu mimba. Wako pia wazee ambao presha ikipanda wanalaumu mnara, na dawa wanaacha. Hapo ndipo tunaona hatari kubwa. Basi tulichambue jambo hili polepole.

MNARA HUTOA NINI?

Mnara hutoa mawimbi, ndugu ya yale yanayoleta habari kwenye redio zetu. Si sawa na eksirei. Eksirei inaweza kuharibu chembe za mwili kutoka ndani. Mawimbi ya redio hayana nguvu hiyo. Yakiwa makali sana hupasha mwili joto. Kwa sababu hiyo wataalamu wa kimataifa waliweka kipimo cha kulinda raia, nacho ni sehemu moja tu ya 50 ya kiwango ambacho madhara ya joto huanzia. Tena ni kama moto wa jiko: ukisogea mbali, ukali unapungua haraka. Umbali ukiwa mara mbili, nguvu inabaki robo.

Ni kweli kwamba mwaka 2011 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliyaweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikaleta kansa. Lakini ushahidi wenyewe ulikuwa mdogo, na ulihusu zaidi simu inayowekwa sikioni, si mnara.

KILA UMRI NA MAMBO YAKE

Mama mjamzito na mtoto mchanga. Huko Uingereza, mwaka 2010, watafiti walilinganisha watoto wadogo 1,397 waliopata kansa na wengine 5,588 wasio nayo. Waliangalia kila mmoja alizaliwa umbali gani na mnara. Hawakuona tofauti. Mama asikose kliniki kwa kuogopa mnara.

Mtoto wa shule. Bado anakua, na miaka ya kutumia simu iko mingi mbele yake. Tuanze na simu iliyo mkononi: mazungumzo yawe mafupi, au atumie spika. Mtandao ukiwa dhaifu, simu hutumia nguvu zaidi. Pia tumkataze kabisa kuruka ua na kupanda mnara. Kuanguka hakuhitaji utafiti.

Mtu mzima. Fundi anayefanya kazi juu, mbele ya antena, ndiye yuko karibu na mawimbi makali. Asipande bila mitambo kuzimwa au kupunguzwa nguvu. Sisi majirani tuangalie jenereta: kelele za usiku, moshi, na dizeli inayomwagika karibu na kisima.

Mzee. Kichwa kikiuma, usingizi ukipotea, aende apimwe presha na sukari. Dawa asiache. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo kilichowekwa kifuani asiweke simu mfuko wa shati. Iwe mbali angalau sentimita 15.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Kikundi kikiombwa kukodisha kipande cha shamba, kiulize kwanza:
1. Je, kuna kibali cha NEMA, na majirani waliulizwa maoni?
2. Jenereta itakaa wapi, na nani atasafisha mafuta yakimwagika?
3. Ua utafungwa vipi?
4. Kodi italipwa kwenye akaunti ya kikundi au mfukoni mwa mtu?
5. Mkataba ukiisha, nani ataondoa chuma na simiti?

Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya wanachama wote. Aliye na malalamiko ayapeleke kwa maandishi ofisi ya NEMA ya kaunti, na nakala kwa chifu.

YA KUJADILI KIKUNDINI

Ni nani kati yetu ameacha dawa au kliniki kwa ajili ya uvumi? Tutamsaidia vipi kurudi wiki hii? Na je, kisima chetu kiko umbali gani na jenereta?