Njia ya Nchi Kavu na Njia ya Angani

Toka Mtwara, mji ulio karibu na mlango wa mto Ruvuma, mpaka Dar es Salaam, barabara ina urefu wa kilometa 560 hivi. Lakini njia ya angani ni kilometa 400 hivi tu. Sababu yake ni nini? Barabara hupindapinda kufuata miji na mahali pa kuvukia mito; ndege hunyosha njia yake. Motokaa iendayo kilometa 80 kwa saa hutumia saa 7 bila kupumzika. Ndege hufika kwa muda wa saa moja hivi. Mwezi wa Mei 2024 mafuriko yaliikata barabara hiyo huko Somanga, wasafiri wakakwama. Siku kama hizo, njia ya angani huweza kumwokoa mgonjwa.