Je, Wajua? Katuni ya kutisha na msimulizi wake

Katika kata ya Itaka, wilayani Mbozi, mkoa wa Songwe, kijana mwenye simu na bando anaweza kutazama anime, yaani katuni za Kijapani, zikiwemo zile za kutisha zinazomfanya mtu mzima aogope kuzima taa. Mojawapo ni Yamishibai. Kipindi chake cha kwanza ni kifupi, lakini kina mengi yanayotuhusu.

Je, wajua kwamba kipindi hicho kina dakika kama tano tu?
Kilirushwa na kituo cha TV Tokyo mwezi Julai 2013. Mwanamume asiye na mke amehamia chumba cha kupanga. Katika jengo la mkabala yupo mwanamke anayemkodolea macho, na kwenye dari ya chumba alichopanga mwanamume huyo anakuta hirizi ya karatasi imebandikwa. Hofu inaanzia hapo, kwa swali ambalo mpangaji yeyote wa Vwawa au Tunduma angejiuliza: nani aliiweka, na alikuwa anazuia nini?

Je, wajua kwamba hadithi hiyo ina mlango wa kuingilia?
Saa kumi na moja jioni, mtu aliyevaa kinyago cha manjano hufika kwenye uwanja wa kuchezea watoto na kuwaita wamsikilize. Ndiyo kazi ileile ya bibi anaposema "Paukwa!" na wajukuu wakaitika "Pakawa!" Msikilizaji anajua ameingia hadithini, na anajua kuna mtu wa kumtoa.

Je, wajua kwamba wasimulizi wa namna hiyo waliishi kweli?
Katika miaka ya 1930 mitaa ya Tokyo ilijaa wasimulizi wa kamishibai, hadithi za picha za karatasi. Msimulizi alikuja na baiskeli iliyobeba kisanduku cha mbao, akagonga vijiti viwili kuwaita watoto, akawauzia peremende, kisha akasimulia huku akibadilisha picha moja baada ya nyingine. Televisheni ilipoanza Japani mwaka 1953, wapo walioiita kamishibai ya umeme. Yamishibai imechorwa kwa kuiga sanaa hiyo, ndiyo maana picha zake hazichezi sana.

Je, wajua kwamba mmoja wa wachoraji wa kamishibai alikuwa na mkono mmoja?
Shigeru Mizuki alipoteza mkono wa kushoto akiwa askari katika Vita Kuu ya Pili. Alichora kwa mkono wa kulia. Hadithi zake za Kitaro, mtoto wa mazimwi, ziligeuzwa anime mwaka 1968, na mazimwi ya vijijini yaliyoanza kusahaulika yakarudi midomoni mwa watoto wa mjini.

Je, wajua kwamba Tanzania nayo ina wasimulizi wa picha?
Enzi za sinema zisizo na sauti, Wajapani walikuwa na benshi, mtu aliyesimama kando ya pazia akieleza kinachotokea. Kwetu, Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alizisimulia kwa Kiswahili filamu za nje, hata Titanic, na mikanda yake ikapata watazamaji wengi. Kenya inaye DJ Afro. Katika kibanda umiza, sauti ya msimulizi ndiyo inayomkalisha mtu kwenye benchi hadi mwisho.

Je, wajua kwamba Nyanda za Juu Kusini zimeipa sinema yetu jina la kutisha?
Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitengeneza filamu ya Nsyuka, jina linalotokana na Kinyakyusa, lugha ya majirani zetu wa Rungwe na Kyela. Baadaye akatoa Shumileta. Watu walizitazama kwa sababu vitisho vyake walikuwa wamevisikia nyumbani.

Je, wajua kwamba Japani anime kama hizi hurushwa usiku wa manane?
Yamishibai, Death Note ya mwaka 2006 na Attack on Titan ya mwaka 2013 zote zilianza kurushwa baada ya saa sita usiku. Katika kipindi cha kwanza cha Attack on Titan, mtoto anamwona mama yake akiliwa na jitu. Wenye katuni hizo hawakuzipangia saa za watoto. Simu haina saa hiyo, na mzazi anayesikia "ni katuni tu" anaweza kudhani mwanawe anatazama sungura na fisi.

Hadithi ya kutisha yenyewe haina ubaya. Wazee wetu waliitumia kufundisha tahadhari, na walikuwepo kujibu maswali ya mtoto kabla hajalala. Simu imeleta hadithi bila mtu huyo. Basi mzazi, mjomba au kaka mkubwa akae na mtoto atazame naye kipindi cha kwanza cha Yamishibai. Dakika tano zitamtosha kujua kama hadithi hiyo ni ya umri wa mtoto wake, na kama inamfaa, waendelee pamoja.