Zebaki Ikiondoka, Koleo Lisichukue Nafasi Yake

Mtu akiumwa na jino katika visiwa vyetu, mara nyingi hufika hospitali akiwa amekwisha kesha siku tatu, na haombi ila kung'olewa. Lakini jino lililotoboka likiwahiwa huzibwa, nalo likaendelea kutafuna miaka mingi. Swali la leo ni dawa gani itumike kuliziba. Laonekana kuwa la madaktari peke yao. Sisi tunaona kuwa linamhusu kila mkaazi wa Unguja na Pemba, na Serikali zaidi.

Kwa zaidi ya miaka 150 madaktari wa meno wametumia amalgamu, ile dawa ya rangi ya fedha. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Iliyobaki ni mchanganyiko wa fedha, bati na shaba. Sifa zake hazikanushiki: bei yake ni nafuu, hustahimili mate wakati wa kutiwa, na hudumu katika magego. Mwenye jino lililozibwa hivyo asitaharuki. Wataalamu hawashauri kuibandua dawa iliyo nzima, kwani kuichimba ndiko kunakotoa mvuke wa zebaki kwa wingi.

Linalotutia wasiwasi ni mabaki yake. Yakimwagwa katika karo huweza kufika baharini. Humo vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi, ikaingia katika samaki wadogo, kisha ikazidi kadiri mkubwa amlavyo mdogo, hata kufikia papa na nduaro. Dunia ilianza kulifahamu balaa hilo mwaka 1956 huko Minamata, Japani, yalipobainika maradhi ya watu waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa taka za kiwanda. Zebaki ya hospitali zetu ni kidogo mno ikilinganishwa na ile. Hata hivyo, watu ambao kitoweo chao cha kila siku ni samaki hawana sababu ya kuongeza hata tone.

Mkataba uliopewa jina la Minamata ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017. Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ni mwanachama wake. Mwaka 2022 wanachama walikubaliana kuzuia au kushauri amalgamu isitumike kwa watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona hapana budi. Mwezi wa Novemba 2025, mjini Geneva, waliafikiana matumizi yake yakomeshwe ifikapo mwaka 2034.

Basi kipi kishike nafasi yake? Ziko dawa mbili kubwa. Kompositi, iliyofanywa kwa plastiki na chembe za kioo, hufanana na jino na ni imara. Lakini hutaka jino likauke kabisa, taa maalumu ya kuigandisha, muda na ustadi. Na bei yake ni ya juu. Ya pili ni saruji ya glasi-ayonoma, iliyobuniwa na wanasayansi wa Uingereza. Hiyo huganda yenyewe, hushikamana na jino, na hutoa floraidi. Udhaifu wake ni kuwa huchakaa upesi katika matundu mapana ya magego. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021.

Yafaa pia ikumbukwe kuwa njia ya kusafisha tundu kwa vyombo vya mkono na kuliziba, bila mashine wala umeme, ilianzia nchini mwetu katikati ya miaka ya 1980, ikahusishwa na chuo cha madaktari wa meno cha Dar es Salaam. Leo njia hiyo hutumika pamoja na saruji hiyo katika nchi nyingi. Itakuwa aibu ikienea kwingine na kukosekana katika skuli zetu za shamba.

Kwa maoni yetu, glasi-ayonoma itangulie kwa watoto na kwa matundu madogo. Kompositi itumike kwa magego ya watu wazima palipo na umeme na mafundi. Tunachokihofia ni amalgamu kuondolewa kwa waraka, na mbadala wake ukwame bohari. Hapo daktari wa Micheweni atabakiwa na koleo tu, na meno yatakayong'olewa yatakuwa yale yaliyostahili kuzibwa.

Afya si jambo la Muungano. Kwa hiyo tunaisihi Serikali ya Mapinduzi iweke fungu la dawa hizi katika bajeti yake, iwafundishe matabibu wa wilayani kabla ya tarehe kufika, na iamuru mabaki ya amalgamu yahifadhiwe katika chupa zilizofungwa, yasitupwe karoni wala jaani.

Wazazi nao wawapeleke watoto mapema, kabla ya maumivu. Jino la kupandikizwa kwa titani katika mfupa wa taya ni gharama ambayo wachache wetu wataiweza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa namna hiyo maskini hana uwezo wa kuujenga.