Uozo Uliojificha Tezini

Huenda ukashangaa kumwona mtu ambaye riziki yake ni fonolojia na mofolojia akijitosa katika mambo ya mafundi wa boti. Nami nisingejitosa lau si maji ya rangi ya chai niliyoyaona Januari iliyopita yakichuruzika kutoka katika matundu ya skurubu, huku sisi abiria tisa tukiwa katikati ya mkondo unaotenganisha Shimoni na kisiwa cha Wasini. Matundu hayo niliyatoboa mimi mwenyewe.

Boti ni ya ami yangu. Ni boti ya faiba, kuukuu, yenye urefu wa futi 21, ambayo aliinunua ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi kupelekea watalii mbizini. Siku hizi huvusha watu na vitu vyao: walimu wanaofundisha kisiwani, kina mama na ndoo zao za samaki, wagonjwa wanaokwenda kutibiwa bara. Miaka sita iliyopita nilimletea ngazi ndogo ya chuma, ili wazee wasipate taabu ya kupanda kutoka majini. Nikaifunga kwa skurubu nne upande wa nyuma, nikapiga picha, nikarudi chuoni nikiwa na furaha ya mtu aliyetenda wema. Sikuyaziba matundu yale kwa gundi yoyote. Sikujua kwamba ndani ya faiba mna mbao.

Hapa sina budi kusimama kidogo nieleze istilahi, maana ndiyo kazi inayonilisha. Sehemu ya mbele ya chombo ni omo, na ya nyuma ni tezi, au shetri kwa kauli ya wengine. Wanafunzi wetu hukariri ile methali isemayo kwamba kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, wakaipatia alama katika mtihani, na ukimwuliza mmoja wao tezi ni nini atakuonyesha koo lake. Ngama nayo, ambayo ni pale chini ndani ya chombo ambapo maji hukusanyika yakasubiri kutekwa, haijui kabisa. Sasa boti za mashine zina kitu ambacho ngalawa haina: ukuta mpana, uliokatwa wima huko nyuma, ambao juu yake huning'inizwa mashine. Ukuta huo nitauita ubao wa tezi, hadi atakapotokea mwenye neno bora kuliko hilo. Naamini yupo, tena yuko ufuoni wala hayuko chuoni.

Jina hilo la ubao si la bure. Ukiutazama kwa nje utaapa kwamba ni faiba tupu, nyeupe na laini. Lakini katika boti nyingi za zamani mafundi wa kiwandani walitia katikati mbao za plaiwudi, aghalabu vipande viwili vilivyogandishwa pamoja hadi vikafikia unene wa inchi moja na nusu, kisha wakavifunika kwa faiba ndani na nje. Mfano wake ni kitabu chenye majalada magumu. Kurasa zikiwa zimo na zimeshikamana, kitabu hakipindiki. Zing'oe kurasa, majalada yatabaki mazima yakipepea. Faiba ya nje na ya ndani ndiyo majalada, na mbao ndizo kurasa.

Na kazi ya ukuta huo si ndogo. Mashine ya nguvu za farasi 40 ina uzito wa kilo 70 hadi 100, kutegemea aina yake. Tena uzito ni nusu tu ya mzigo. Pangaboi inaposukuma maji, sehemu ya chini ya mashine huusukuma ukuta mbele na sehemu ya juu huuvuta nyuma, na kila wimbi linapoirusha boti na kuibwaga, mvuto huo huzidi maradufu. Kwa hiyo ukuta ukilegea, mashine huanza kutikisa kichwa kama mzee anayesinzia barazani. Siku ile ami alipoongeza mwendo, nililiona hilo kwa macho yangu: mashine ililala nyuma kidogo, na maji ya kahawia yakatoka katika matundu ya ngazi yangu.

Nilipowauliza wajuzi na kuyasoma ya wataalamu, jambo moja lilinishangaza kuliko yote. Nilidhani bahari ndiyo iliyozila mbao zile. Kumbe ni mvua. Mbao huozeshwa na kuvu, na kuvu hizo huhitaji hewa na unyevu. Zikiukosa unyevu, zaidi ya asilimia 20 hivi ya uzito wa mbao kavu, hazisitawi. Maji ya chumvi huzidhoofisha, lakini maji matamu huzistawisha. Wajenzi wa meli za mbao huko Marekani katika karne ya 19 walilijua hilo, ndiyo maana walishindilia chumvi katikati ya mataruma. Boti ya ami kila masika huvutwa ufuoni ikakaa chini ya mkwaju bila kifuniko, omo juu na tezi chini, mvua ikainyeshea na maji yakatuama hasa pale penye matundu. Waingereza wana jina la namna fulani ya ugonjwa huu ambalo kwa tafsiri sisisi ni 'uozo mkavu'. Ni jina la uongo, maana hakuna mbao kavu inayooza. Lakini nani kasema majina ya vitu huwa kweli?

Jahazi la mbao halina siri ya namna hii. Likipandishwa pwani kusuguliwa na kupakwa deheni, fundi wa kalafati hupitisha mkono wake ubao kwa ubao, akidonoa kwa ncha ya chuma, na palipooza hupajua papo hapo. Ubao mmoja hung'olewa, mwingine ukatiwa mahali pake. Faiba ilisifiwa kwamba haiozi, na ni kweli haiozi, lakini imekifunika kile kinachooza. Mwenye chombo hujua siku ambayo mashine imekwisha kung'oka na kuzama, na maji yanaingia kupitia tezi iliyopasuka.

Kuupima uozo kulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Tuliugonga ubao wa tezi kwa nyundo ndogo, kuanzia pembeni kuja kati. Pembeni ulilia mlio mkavu, wa kitu kizima. Kuanzia chini ya mashine hadi kwenye matundu ya ngazi ulitoa mlio mzito usio na mwangwi, kama mtu anayegonga papai. Kisha kwa keekee nyembamba tulitoboa vitundu vitatu kutoka upande wa ndani. Katika kimoja zilitoka takataka kavu, nyeupe. Katika viwili ulitoka ujiuji mweusi wenye harufu ya majani yaliyooza kisimani. Washa za bolti za mashine zilikuwa zimezama katika faiba kama kidole katika unga uliokandwa.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na nitausimulia kwa haki, maana waliobishana nami si wajinga.

Fundi wa kijijini, ambaye amejenga mashua kabla mimi sijajua kusoma, alikata shauri la bamba. "Mwalimu," aliniambia, "tutie bamba la chuma nje na jingine ndani, tuzipitishe bolti ndefu, tukandike, tupake rangi. Bamvu lijalo boti iko majini."

Ami alimwunga mkono. "Mwanangu, wewe una mshahara mwisho wa mwezi. Mimi kila siku ambayo boti iko juu, sili."

Neno hilo lilinichoma, maana lilikuwa kweli, na aliyemfikisha hapo ni mimi na ngazi yangu. Pia ilikuwa kweli kwamba boti nzito kama ile haishuki wala haipandi ila kwa maji makubwa ya bamvu, na bamvu huja kila baada ya wiki mbili. Tukilikosa moja, tunangojea jingine. Hata hivyo nilikataa. Bamba huutawanya mzigo, lakini huutawanya juu ya nini? Juu ya uji. Ukizikaza bolti, majalada mawili yanakaribiana, uji unaminywa, na baada ya safari chache bolti zimelegea tena. Ukizikaza tena, faiba inapasuka. Na ile rangi mpya ndiyo iliyonitisha zaidi. Abiria anayepanda boti iliyopakwa rangi huamini kwamba imetengenezwa. Ami alikuwa na shauri jingine pia, ambalo hakulisema mbele ya fundi: kwamba boti ikishapakwa rangi, huenda akapatikana mtu wa kuinunua. Nilimwuliza mtu huyo atamvusha nani. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Haya, ikate."

Tukaafikiana kwamba nitagharimia vifaa, na pia nitampa pesa za siku zote ambazo boti itakuwa juu. Nusu ya mshahara wangu ilikwenda huko, wala sitaki sifa kwa hilo. Deni ni deni.

Mashine ilishushwa kwa mti na kamba. Fundi aliikata faiba ya upande wa ndani kwa msumeno, akiacha ukingo wa vidole vitatu pande zote, na ile ya nje hatukuigusa ili umbo lisipotee. Plaiwudi iliyooza tuliichota kwa mikono na ndoo. Ile iliyokuwa nzima pembeni ilikataa kutoka, ikatuchukua siku mbili za patasi na nyundo; nilishawishika kuiacha, lakini fundi, ambaye sasa kazi ilikuwa imemwingia damuni, akasema mbao mpya na mbao kuukuu zenye unyevu hazilali kitanda kimoja. Kisha tukausugua ukuta kwa mashine ya kusagia. Anayetaka kuifanya kazi hii na avae barakoa, miwani na mikono mirefu, maana vumbi la nyuzi za kioo huwasha kama upupu na halifai kabisa mapafuni.

Kigezo tulikichora kwa katoni. Tulikata vipande viwili vya plaiwudi ya baharini vya milimita 18, tukavigandisha pamoja, tukazinywesha rezini kingo zake zote, maana ubao hunywa maji kwenye kingo kuliko kwenye uso. Katika rezini nilitia aibu. Tulinunua epoksi, ambayo huishika faiba kuukuu vizuri kuliko poliesta. Epoksi huchanganywa na dawa yake kwa kipimo maalumu, na mtu akizidisha dawa hapati kuganda kwa haraka, anapata mchanganyiko usioganda sawasawa. Hilo nilikuwa nimelisoma. Nisilolizingatia ni kwamba ikikaa kwa wingi katika chombo chembamba hujipasha moto yenyewe. Nilikoroga ndoo nusu, nikaanza kumweleza fundi asili ya neno kalafati, ambalo tumelitoa katika Kiarabu na ambalo Wafaransa nao wanalo kwa sura yao. Nilipofika Ufaransa, ndoo ilikuwa inafuka moshi na kuyeyuka. Tangu hapo tulikoroga kidogo kidogo, tukamimina katika sinia pana, asubuhi kabla ya jua kupanda.

Ubao mpya tuliulaza juu ya rezini iliyofanywa nzito kama ugali laini kwa unga maalumu, tukaubana kwa majiliwa na bolti hadi rezini ikatokeza pande zote. Pembe za ndani tulizijaza zikawa mviringo, kwa kuwa kitambaa cha nyuzi za kioo hakipindi penye pembe kali. Huacha mwanya, na mwanya ni nyumba ya maji. Halafu tukatandika matabaka manne ya kitambaa, kila moja likipanda juu ya mbavu za boti kulipita lililotangulia, la mwisho likifika sentimita 15. Hapo ndipo nguvu zilipo. Ubao mzuri usioshikamana na mbavu ni mlango uliosimamishwa bila bawaba.

Jambo lililokuwa geni kwa fundi, na ambalo sasa anawafundisha vijana wake, ni matundu ya bolti. Hatukuyatoboa kwa kipimo cha bolti. Tuliyatoboa makubwa, milimita 18 kwa bolti ya milimita 12, tukayajaza epoksi nzito, na ilipoganda tukatoboa tena katikati yake. Bolti sasa inapita ndani ya bomba la rezini wala haiugusi ubao. Maji yakipenya kando ya bolti, hayana mbao ya kulowesha.

Nilijiuliza, nikiwa nimejaa gundi hadi kwenye nyusi, kwa nini mwanafunzi wa kidato cha tatu asiandikishwe insha ya jambo kama hili: ampe mwenzake maelekezo ya kujaza tundu, bila kupamba, hata mwenzake aweze kulijaza. Sisi walimu tumempa mwanafunzi semi za kuanzia insha na semi za kuimalizia, katikati tukamwachia upepo.

Tulilikosa bamvu moja. La pili tuliliwahi. Kabla ya boti kushuka, ami alichukua nyundo, akaugonga ubao wa tezi kuanzia kushoto hadi kulia, kisha kutoka kulia kurudi kushoto, akiinamisha sikio. Hakusema kitu. Aliwaita vijana waje wasukume.

Ngazi yangu ya chuma bado imelala ukumbini kwake. Juma lililopita alinipigia simu, akaniambia wazee wanalalamika kwamba kupanda ni taabu, na kwamba nikija nije na keekee na mkebe wa gundi ya kuzibia.