Uteuzi wa Jaribio la Umuhimu wa Kitakwimu katika Data za Maabara ya Fonetiki: Mfano wa Mpumuo katika Kimvita

Makala haya yanafafanua namna ya kuteua jaribio la umuhimu wa kitakwimu kwa data zinazopimwa katika maabara ya fonetiki. Mfano unaotumika ni mpumuo wa vipasuo katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, ambamo paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo ilhali paa, mnyama wa porini, hutamkwa kwa mpumuo; hali kadhalika kaa la moto na kaa wa baharini. Othografia ya Kiswahili Sanifu haibainishi tofauti hiyo, na wazungumzaji wengi wa bara hawanayo. Iwapo vijana wa Mombasa wangali wanaitunza ni suala linalowahusu watunzi wa kamusi, walimu, na wanaounda mifumo ya kompyuta ya kutambua usemi.

Kinachopimwa ni muda, kwa milisekunde, kati ya kuachiliwa kwa hewa na kuanza kwa mtetemo wa nyuzi sauti. Chukulia kuwa wazungumzaji 12 wanasoma jozi 6 za maneno, kila neno mara 5. Vipimo vinakuwa 720, yaani 360 kwa kila upande. Hapo watafiti wengi huuliza kwanza kama data zina mtawanyo wa kawaida. Swali hilo lina nafasi yake, lakini si la kwanza. La kwanza ni: vipimo vingapi kati ya hivyo vinajitegemea?

Akitumia jaribio la t la sampuli huru, lenye digrii za uhuru 718, mtafiti anadai kwamba vyote vinajitegemea. Si kweli. Vipimo 60 vya mtu mmoja vinabeba pumzi yake, kasi yake na mazoea yake. Si ushahidi wa watu 60. Njia nyepesi ni kukokotoa wastani wa kila mzungumzaji kwa kila aina ya kipasuo, kisha kutumia jaribio la t la jozi lenye digrii 11. Kizingiti cha t katika kiwango cha 0.05 kinapanda kutoka takribani 1.96 hadi 2.20, lakini badiliko kubwa zaidi limo katika kosa sanifu, ambalo sasa linatokana na tofauti baina ya watu. Mtawanyo wa kawaida nao unahitajika katika tofauti hizo 12, wala si katika vipimo 720.

Maneno nayo ni sampuli. Herbert Clark alilikumbusha hilo mwaka 1973, na miundo ya athari mseto hushughulikia wazungumzaji na maneno kwa pamoja, mradi idadi zake zisiwe ndogo mno.

Vijana wa Mombasa wakilinganishwa na wa bara, makundi ni huru, na jaribio la Welch la mwaka 1947 ni salama zaidi kwa kuwa halidai varianzi zilingane.

Majaribio ya mpangilio wa daraja, kama lile la Wilcoxon (1945) na la Mann na Whitney (1947), hukimbiliwa kama dawa ya sampuli ndogo. Hayaponyi utegemezi wa vipimo. Aidha, kwa wazungumzaji 5, jaribio la Wilcoxon la jozi, la pande mbili, haliwezi kutoa p iliyo chini ya 0.0625, hata wote 5 wakionyesha mpumuo ulio wazi. Kwa watu 3 dhidi ya 3, jaribio la Mann na Whitney huishia 0.10. Jibu limekwisha kuamuliwa kabla ya kinasa sauti kuwashwa.

Kwa hiyo mshauri wa sera anayesoma kwamba tofauti "haina umuhimu wa kitakwimu" hajaambiwa kuwa mpumuo umetoweka. Anapaswa kudai idadi ya wazungumzaji, tofauti yenyewe kwa milisekunde, na masafa ya uhakika ya asilimia 95. Masafa hayo yakianzia chini ya sifuri na kufika hadi tofauti inayosikika wazi kwa sikio, data hazijakata shauri upande wowote.