Mizani Imepima Nini? Kupima na Kukadiria Mafuta ya Mwili

Katika somo letu la vipimo na asilimia hapa Kabingo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mwanafunzi mmoja alituletea swali ambalo halimo kitabuni. Jirani yake alinunua mjini Mbarara mizani ya kioo yenye vibati vinne vya chuma, ile inayoonyesha uzito pamoja na asilimia ya mafuta mwilini. Jioni, alipotoka shambani, mwanafunzi huyo alipanda juu yake akasoma kilo 60 na mafuta asilimia 30. Aliona ni mengi, akalala bila kula wala kunywa. Asubuhi mizani ilionyesha kilo 59 na mafuta asilimia 33.

"Mwalimu," aliuliza, "nimelala njaa na mafuta yameongezeka. Basi nisile na leo?"

Tumeona vyema kulijibu swali hilo hapa, kwa sababu ni swali la afya na papo hapo ni swali la lugha.

Tuanze na hesabu. Asilimia 30 ya kilo 60 ni kilo 18. Asilimia 33 ya kilo 59 ni karibu kilo 19.5. Tukiiamini mizani, mwili wake uliongeza kilo 1.5 za mafuta kwa usiku mmoja. Kilo 1 ya mafuta ya mwili ni akiba ya takriban kilokalori 7,700, kwa hiyo kilo 1.5 ni zaidi ya kilokalori 11,500. Mgao kamili wa chakula cha msaada hupangwa kwa kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Ingempasa ale mgao kamili wa siku tano na zaidi, tena bila kuutumia hata kidogo, ndipo aweke mafuta hayo. Yeye hakula hata tonge. Kilichobadilika usiku ule ni maji ya mwili, wala si mafuta.

Je, mizani hii inafanyaje kazi? Uzito inaupima kweli. Kwa upande wa mafuta, hupitisha umeme hafifu, usiohisika, kutoka mguu mmoja, kupitia nyonga, hadi mguu wa pili. Misuli ina maji mengi na chumvi, hivyo hupitisha umeme kwa urahisi. Mafuta yana maji machache, hivyo huuzuia. Mizani hupima ukinzani wa umeme huo. Kisha huchukua urefu, umri, jinsia na uzito wako, huviingiza katika kanuni ya hesabu, na kukupa asilimia. Kanuni hiyo ilitokana na watu waliopimwa maabara kwa njia bora zaidi. Kama mwili wako unatofautiana na wao, jibu nalo litapotoka. Tena umeme huo haufiki sana tumboni juu wala mikononi.

Hapa ndipo walimu wa lugha tunapohusika. Mizani hupima uzito na ukinzani, mafuta huyakadiria. Asiye na kifaa wala kanuni yoyote hukisia tu. Tukisema "mizani imepima mafuta yangu", tumelipa kadirio heshima ya kipimo.

Kosa la kuchanganya kinachopimwa na kinachodhaniwa linatunyemelea hata tukitumia utepe. Kusini mwa Isingiro, ng'ambo ya mto Kagera, ndiko ulikokuwa ufalme wa Karagwe. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika huko mwaka 1861, kwa mfalme Rumanika, akawakuta wanawake wa nyumba ya kifalme walionenepeshwa kwa maziwa. Alimpima mmoja wao na kuandika mzunguko wa mkono futi 1 na inchi 11, yaani karibu sentimita 58. Alichopima ni mzunguko, mafuta hakuyapima. Wahudumu wa afya siku hizi hutumia utepe mkononi kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5, utepe huonyesha rangi nyekundu, dalili ya utapiamlo mkali. Hata hapo utepe umepima mkono, na binadamu ndiye anayeamua maana yake na hatua ya kuchukua.

Hatusemi mizani ya nyumbani itupwe. Inafaa kwa kuangalia mabadiliko ya muda mrefu, mradi hali ya kupima iwe ile ile:

1. Panda asubuhi, baada ya kutoka msalani na kabla ya kula, ukiwa umekunywa maji ya kawaida jana yake. Mwili uliopungukiwa maji huonekana una mafuta zaidi. Mwalimu aliyesimama darasani kutwa, maji yakamshukia miguuni, huenda akaonekana ana mafuta pungufu.

2. Usipande mara baada ya kulima, kutembea mwendo mrefu au kuoga maji ya moto. Ngozi yenye joto hupunguza ukinzani.

3. Weka mizani juu ya saruji iliyosawazika. Kama sakafu ni ya udongo, tumia ubao mgumu ulionyooka, usiocheza. Usiiweke juu ya mkeka.

4. Osha miguu na kuifuta. Vumbi na magaga huzuia umeme.

5. Pima urefu ukutani bila viatu. Katika kanuni nyingi urefu huzidishwa kwa wenyewe, hivyo kosa dogo hukua. Wengi wetu tumeandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa. Kosa la miezi michache katika umri halina madhara makubwa.

6. Andika namba za wiki nzima, tafuta wastani, kisha linganisha mwezi na mwezi. Usilinganishe jioni na asubuhi, wala mizani yako na ya jirani.

Mjamzito asiyategemee makadirio haya, na mwenye kifaa cha umeme cha kusaidia moyo asipande kabisa. Miguu ikivimba, nenda kituo cha afya.

Mwanafunzi wetu tulimjibu: ale, na anywe maji. Mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa hapa tangu 2020, na si haki mtu ajinyime kidogo alichonacho kwa sababu ya namba inayopanda na kushuka na maji.

Kwa walimu, tunapendekeza zoezi moja: kila mwanafunzi atunge sentensi tatu kuhusu mwili wake au shamba lake, moja kwa kupima, moja kwa kukadiria na moja kwa kukisia, kisha aeleze kwa nini vitenzi hivyo haviwezi kubadilishana nafasi.