Mkate wa jana usiutupe, ugeuze pudini ya jiko la mkaa

Nyumba nyingi za Kongowe, Kibaha, mkate wa slesi ni wa chai ya asubuhi. Watoto wanachagua slesi za katikati, za mwisho zinabaki. Kesho yake zimekakamaa, keshokutwa zinaishia jalalani. Hiyo ni hela imetupwa, maana mkate mgumu ndio mzuri kwa pudini.

Kwa nini mgumu?

Mkate ukikaa, wanga wake unajipanga upya na kukaza. Ukiuloweka, unanyonya maziwa lakini haurojeki haraka kama mkate laini.

Ujanja huu si mgeni duniani. Wayahudi wana challah, mkate wa kusuka wa siku ya Sabato. Ukibaki, wapo wanaouchanganya na mayai na kuuoka ukawa kugel. Waingereza nao wana pudini yao ya mkate na siagi.

Unahitaji nini?

• Slesi 8 za mkate mgumu
• Maziwa nusu lita
• Mayai 3
• Sukari vijiko 4 vya chakula
• Hiliki ya kusaga nusu kijiko cha chai
• Siagi kidogo ya kupaka sufuria
• Zabibu kavu, kama zipo

Maziwa hayatoshi? Ongezea tui la nazi.

Hatua kwa hatua

1. Katakata mkate, uweke kwenye sufuria iliyopakwa siagi.

2. Piga mayai na sukari, tia maziwa na hiliki, umwagie juu ya mkate. Acha dakika 20 ulowane vizuri.

3. Punguza mkaa jikoni, bakiza makaa machache chini. Funika sufuria kwa mfuniko wa bati, kisha weka makaa mengi zaidi juu yake. Moto wa chini ukizidi, pudini inaungua kabla katikati haijaiva.

4. Baada ya dakika 30 hivi, choma katikati kwa kijiti safi. Kikitoka na majimaji ya mayai, ongeza muda. Wenye oveni, nyuzi joto 180 kwa dakika 40 zinatosha.

Hupendi tamu? Acha sukari, hiliki na zabibu. Tia kitunguu, hoho na chumvi, unapata chakula cha usiku.

Angalia ukungu kwanza

Mkate mgumu na mkate wenye ukungu ni vitu viwili tofauti. Joto na unyevu wa Pwani huleta ukungu mapema, hasa mkate ukiwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Ukiona doa la kijani, jeusi au jeupe lenye manyoya, tupa mkate wote. Kukata doa hakusaidii, kwa sababu nyuzi za ukungu hupenya ndani kabla hujaziona. Kupika nako si dawa: baadhi ya sumu za ukungu haziishi kwa moto wa jikoni. Kuku pia usiwape, zinawadhuru.

Friji huchelewesha ukungu ingawa mkate unakakamaa haraka zaidi humo. Kama lengo ni pudini, hilo si tatizo.

Pudini yenyewe ina mayai na maziwa, kwa hiyo iliwe siku hiyohiyo. Yenye kubaki iingie friji mapema, na isizidi siku 2.